Utoaji mimba nchini Ireland

Utoaji mimba nchini Ireland (yaani Jamhuri ya Ireland, inayoitwa pia Eire) unaruhusiwa na sheria tangu tarehe 1 Januari 2019. Mwanamke anaweza kutoa mimba bila kutaja sababu hadi mwisho wa wiki ya 12. Baada ya hapo inaruhusiwa tu ikiwa maisha au afya yake iko hatarini, au ikiwa kijusi kina ugonjwa ambao unatarajiwa kukiua kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye.

Kabla ya hapo Ireland ilikuwa na mojawapo ya sheria kali zaidi katika Ulaya. Kuanzia mwaka 1983 hadi 2018 katiba yenyewe ililinda uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa sawa na uhai wa mama yake. Ibara hiyo iliingizwa kwa kura ya maoni na ikaondolewa kwa kura ya maoni, na mara zote mbili karibu theluthi mbili ya wapigakura walikubali.

## Mazingira

Wananchi wengi wa Ireland ni Wakatoliki. Katika sensa ya mwaka 1961 walikuwa karibu asilimia 95 ya wakazi wote. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 84, na mwaka 2022 asilimia 69. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai wa binadamu unapaswa kulindwa tangu kutungwa kwa mimba, na kwamba kuutoa kwa makusudi ni kosa kubwa la kimaadili.

Baada ya nchi kujitawala mwaka 1922 Kanisa lilikuwa na mamlaka makubwa katika jamii. Shule nyingi na baadhi ya hospitali kubwa ziliendeshwa na mapadri, watawa na mashirika yao. Katiba ya mwaka 1937 ilitambua "nafasi ya pekee" ya Kanisa hilo. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni mwaka 1972.

Vifaa na dawa za kuzuia mimba navyo vilikatazwa. Sheria ya mwaka 1929 ilizuia machapisho yaliyotetea uzazi wa mpango au utoaji mimba, na sheria ya mwaka 1935 ikapiga marufuku kuuza na kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Tarehe 22 Mei 1971 kundi la wanawake lilipanda treni kutoka Dublin hadi Belfast, likanunua vifaa hivyo na kurudi navyo waziwazi mbele ya maofisa wa forodha. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu waliooana wana haki ya kuvitumia. Sheria ya mwaka 1979 iliruhusu viuzwe, lakini kwa cheti cha daktari tu.

## Sheria ya mwaka 1861

Ireland ilirithi kutoka utawala wa Uingereza Sheria ya Makosa dhidi ya Mwili ya mwaka 1861. Vifungu vya 58 na 59 vya sheria hiyo vilifanya utoaji mimba kuwa jinai. Mwanamke aliyejaribu kujitoa mimba, na mtu yeyote aliyemsaidia kwa dawa au chombo, aliweza kufungwa maisha.

Marufuku hayo hayakumaliza utoaji mimba, bali uliendelea kwa siri. Kesi iliyojulikana sana ilikuwa ya Mamie Cadden, mkunga wa Dublin, aliyehukumiwa kifo mwaka 1956 baada ya mwanamke mmoja kufariki wakati wa kutolewa mimba. Adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafariki mwaka 1959 akiwa bado kizuizini.

Mwaka 1967 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu utoaji mimba katika Uingereza, Wales na Uskoti, nayo ikaanza kutumika Aprili 1968. Tangu hapo wanawake wa Ireland wenye uwezo wa kulipa nauli na gharama za kliniki walivuka bahari kwenda miji kama London, Liverpool na Manchester.

## Marekebisho ya Nane (1983)

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya kutoa mimba katika kesi ya Roe v. Wade. Wapinzani wa utoaji mimba nchini Ireland waliogopa kwamba majaji wao wangeweza kufuata njia hiyohiyo, hasa kwa kuwa mwaka huohuo walikuwa wameruhusu uzazi wa mpango kwa hoja ya faragha ya ndoa. Mwaka 1981 walianzisha kampeni ya kutaka marufuku yawekwe katika katiba, ambayo hubadilishwa kwa kura ya maoni tu.

Maneno yaliyopendekezwa yalisema kwamba dola inatambua haki ya uhai ya asiyezaliwa, kwa kuzingatia haki iliyo sawa ya mama ya kuishi, na kwamba sheria zitaitetea haki hiyo kadiri inavyowezekana. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Peter Sutherland, alionya kuwa maneno hayo hayako wazi na yatawaletea madaktari mashaka. Kati ya waliopinga alikuwemo seneta na mwanasheria Mary Robinson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi.

Kura ilipigwa tarehe 7 Septemba 1983. Asilimia 66.9 walikubali, huku waliojitokeza kupiga kura wakiwa asilimia 53.7 ya walioandikishwa. Kifungu hicho kikawa Ibara ya 40.3.3 ya katiba.

## Kesi na kura za miaka ya 1990

### Habari kuhusu kliniki za nje

Kwa kutumia ibara mpya, shirika moja la kupinga utoaji mimba lilizishtaki taasisi za ushauri za Dublin zilizowapa wanawake anwani za kliniki za Uingereza. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilikataza msaada huo. Mwaka 1992 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba katazo hilo lilivunja uhuru wa kutoa na kupata habari.

### Kesi ya X

Februari 1992 Mahakama Kuu ilimzuia msichana wa miaka 14 kuondoka Ireland. Alikuwa amebakwa na mtu wa jirani na kupata mimba, na wazazi wake walikuwa wamempeleka Uingereza ili itolewe. Waliwauliza polisi kama vipimo vya kijusi vingefaa kuwa ushahidi dhidi ya mbakaji. Habari hiyo ilimfikia Mwanasheria Mkuu, ambaye aliomba zuio mahakamani, na familia ikarudi nyumbani. Msichana alisema kwamba alitaka kujiua. Jina lake lilifichwa, na kesi ikajulikana kwa herufi X.

Maelfu ya watu waliandamana Dublin. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu iliondoa zuio kwa kura 4 dhidi ya 1. Majaji waliamua kwamba utoaji mimba unaruhusiwa na katiba pale ambapo kuna hatari ya kweli na kubwa kwa uhai wa mama, na kwamba hatari ya kujiua ni mojawapo.

Hivyo ibara iliyokusudiwa kufunga mlango kabisa ilionekana kuacha nafasi ndogo. Hata hivyo bunge halikutunga sheria ya kueleza nafasi hiyo itumiweje, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 20.

### Kura za maoni za 1992 na 2002

Tarehe 25 Novemba 1992 wananchi waliulizwa maswali matatu:

* Kuondoa hatari ya kujiua kuwa sababu halali: lilikataliwa.
* Kuhakikisha uhuru wa kusafiri kwenda nje hata kama ni kwa ajili ya kutoa mimba: lilikubaliwa.
* Kuruhusu habari kuhusu huduma zilizo halali katika nchi nyingine: lilikubaliwa.

Serikali ilijaribu tena kuondoa sababu ya kujiua tarehe 6 Machi 2002. Pendekezo lilikataliwa kwa asilimia 50.4 dhidi ya 49.6. Kati ya waliolikataa walikuwemo waliotaka sheria iwe huru zaidi na pia baadhi ya waliotaka iwe kali zaidi.

## Safari za kwenda Uingereza

Chini ya Marekebisho ya Nane, Mwairishi aliyetaka kutoa mimba kwa kawaida alikwenda nje. Kati ya mwaka 1980 na 2016 zaidi ya wanawake 170,000 waliotoa anwani za Ireland walihudumiwa katika kliniki za Uingereza na Wales. Idadi kubwa zaidi kwa mwaka mmoja ilikuwa 6,673, mwaka 2001. Hesabu hizo haziwaingizi waliotaja anwani ya rafiki au ndugu aishiye Uingereza, wala waliokwenda nchi nyingine.

Safari ilihitaji fedha, ruhusa ya kazini, mtu wa kuwaangalia watoto na mara nyingi uongo kwa jamaa. Wasiokuwa na uwezo walichelewa wakitafuta nauli, na kadiri walivyochelewa ndivyo gharama ilivyopanda. Wakimbizi waliokuwa wakisubiri hifadhi na wahamiaji wengine hawakuweza kutoka na kurudi bila vibali. Wanawake waliofahamishwa kwamba kijusi hakitaishi waliambiwa wavumilie hadi kujifungua au wasafiri wenyewe. Baadhi yao walirudi nyumbani na kupokea majivu ya mtoto baadaye kwa posta. Mwaka 2016, na tena mwaka 2017, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba kumwacha mwanamke katika hali hiyo ni kumtendea kikatili na kumdhalilisha.

Tangu miaka ya 2000 wengine waliagiza vidonge vya mifepristoni na misoprostoli kwa njia ya intaneti. Maofisa wa forodha walikamata baadhi ya vifurushi. Aliyetokwa na damu nyingi baada ya kumeza vidonge hivyo alihofia kumwambia daktari ukweli, kwa kuwa alikuwa ametenda kosa la jinai.

## Kifo cha Savita Halappanavar

Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 31 kutoka India, alikuwa akiishi Galway na mume wake. Tarehe 21 Oktoba 2012, akiwa na mimba ya wiki 17, alikwenda hospitali kwa maumivu ya mgongo. Ilibainika kwamba mimba ilikuwa inaharibika na haikuweza kuokolewa. Yeye na mume wake waliomba itolewe. Walikataliwa kwa sababu mapigo ya moyo wa kijusi yalikuwa bado yanasikika na madaktari hawakuona kwamba uhai wake ulikuwa hatarini wakati huo.

Mapigo hayo yalikoma tarehe 24 Oktoba. Wakati huo maambukizi yalikuwa yameenea katika damu yake. Alifariki tarehe 28 Oktoba. Katika uchunguzi wa kifo mwaka 2013, mkunga mmoja alikubali kuwa alimwambia mgonjwa kwamba hiyo ni nchi ya Kikatoliki. Alieleza kuwa alitaka kufafanua utamaduni wa nchi, si kumuumiza.

Ripoti rasmi zilionyesha mambo mawili. Dalili za maambukizi hazikufuatiliwa inavyotakiwa, na madaktari walisita kwa sababu ya sheria: hawakujua hatari inapaswa kufika kiwango gani kabla hawajaruhusiwa kutenda. Wapinzani wa utoaji mimba walikazia jambo la kwanza, wakisema kosa lilikuwa la kitabibu. Watetezi wa mabadiliko walikazia la pili. Picha ya Savita ilibebwa katika maandamano mengi hadi mwaka 2018.

## Sheria ya mwaka 2013

Tayari mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya A, B na C dhidi ya Ireland, ilikuwa imeamua kwamba Ireland haikumpa mwanamke aliyewahi kuugua saratani njia yoyote ya kujua kama alistahili kutoa mimba kwa mujibu wa katiba. Baada ya kifo cha Galway serikali ya Enda Kenny ilipeleka mswada bungeni. Waziri mdogo Lucinda Creighton alipiga kura ya kuupinga na kupoteza nafasi yake.

Sheria ya Ulinzi wa Uhai Wakati wa Ujauzito ilitiwa saini Julai 2013 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Ilifuta vifungu vya mwaka 1861, lakini ikaweka adhabu ya hadi miaka 14 gerezani, na mwanamke mwenyewe aliweza kuadhibiwa. Hatari ya kimwili ilitakiwa kuthibitishwa na madaktari wawili. Hatari ya kujiua na watatu, wawili wao wakiwa wa magonjwa ya akili. Kubakwa na ugonjwa usiotibika wa kijusi hazikuwa sababu halali. Mwaka 2014 mimba zilizotolewa chini ya sheria hiyo zilikuwa 26.

Mwishoni mwa mwaka 2014 kulitokea kesi nyingine. Mwanamke mjamzito alikuwa amekufa ubongo, lakini madaktari walimweka kwenye mashine kwa sababu kijusi cha wiki 18 kilikuwa bado hai, nao hawakujua katiba iliwataka wafanye nini. Baba yake alikwenda mahakamani. Tarehe 26 Desemba Mahakama Kuu iliruhusu mashine zizimwe, kwa kuwa kijusi hakikuwa na matumaini ya kuishi.

## Kura ya maoni ya mwaka 2018

Mwaka 2016 bunge liliunda Mkutano wa Wananchi, yaani watu 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kuwakilisha jamii, wakiongozwa na jaji Mary Laffoy. Kwa miezi kadhaa waliwasikiliza madaktari, wanasheria, wanafalsafa, makundi ya pande zote na wanawake wenyewe. Aprili 2017 asilimia 87 kati yao walisema ibara isibaki kama ilivyo, na asilimia 64 walitaka utoaji mimba uruhusiwe bila masharti ya sababu. Matokeo hayo yaliwashangaza wanasiasa wengi. Kamati ya pamoja ya bunge ilikubaliana na sehemu kubwa ya mapendekezo yao.

Waziri mkuu Leo Varadkar na waziri wa afya Simon Harris waliunga mkono mabadiliko. Kampeni ya "Ndiyo" iliwaweka mbele wanawake na wanandoa waliosimulia safari zao za Uingereza. Kampeni ya "Hapana" ilisema kwamba wiki 12 bila sababu ni kupita kiasi, kwamba kijusi ni binadamu asiye na wa kumtetea, na kwamba wenye ulemavu kama sindromu ya Down watakuwa hatarini. Maaskofu Wakatoliki waliwahimiza waumini wapige kura ya "Hapana". Vyama vikubwa viliwaacha wabunge wao wafuate dhamiri. Kwa kuwa Wairishi wengi waishio nje hawaruhusiwi kupiga kura kwa posta, maelfu walirudi nyumbani kwa ndege na meli.

Kura ilipigwa tarehe 25 Mei 2018:

* Ndiyo: 1,429,981 (asilimia 66.4)
* Hapana: 723,632 (asilimia 33.6)
* Waliojitokeza: asilimia 64.1

Kati ya majimbo 40 ya uchaguzi, Donegal peke yake lilikataa.

Wachunguzi wanataja sababu mbalimbali za mabadiliko hayo makubwa: kupungua kwa mamlaka ya Kanisa, hasa baada ya ripoti za mwaka 2009 kuhusu watoto waliodhulumiwa katika taasisi zake na na mapadri, kura ya mwaka 2015 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja, na kesi zilizoelezwa juu, ambazo zilionyesha ibara ikifanya kazi juu ya watu halisi. Hata hivyo wengi waliopiga kura ya "Ndiyo" waliendelea kujiita Wakatoliki.

## Sheria ya sasa

Sheria ya Afya kuhusu Usitishaji wa Ujauzito ilitiwa saini Desemba 2018. Kwa mujibu wake:

* Hadi wiki 12, zinazohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hakuna sababu inayodaiwa. Lakini siku tatu lazima zipite tangu daktari athibitishe umri wa mimba.
* Baadaye madaktari wawili wanaweza kuruhusu ikiwa uhai wa mwanamke uko hatarini au afya yake inaweza kudhurika vibaya, mradi kijusi hakijaweza kuishi nje ya mfuko wa uzazi.
* Katika dharura daktari mmoja anatosha.
* Inaruhusiwa pia madaktari wawili wakiona kwamba kijusi kina hali itakayokiua kabla ya kuzaliwa au katika siku 28 za kwanza.

Mwanamke haadhibiwi kwa kutoa mimba yake mwenyewe. Mtu mwingine anayevunja sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14. Daktari, muuguzi au mkunga anaweza kukataa kushiriki kwa sababu ya dhamiri, lakini daktari anapaswa kumwelekeza mwanamke kwa mwenzake, na hakuna anayeruhusiwa kukataa katika dharura.

## Upatikanaji wa huduma

Huduma ni bure kwa wakazi wa Ireland. Hadi wiki ya 9 hutolewa hasa na madaktari wa familia, kwa vidonge. Baada ya hapo hospitalini. Simu ya taifa ya ushauri huwaelekeza wanawake kwa daktari aliye tayari. Wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020 iliruhusiwa kuonana na daktari kwa simu au video, na utaratibu huo umeendelea.

Mwaka 2019 mimba 6,666 zilitolewa kisheria nchini. Kati ya hizo 6,542 zilikuwa za wiki 12 za kwanza, 100 kwa sababu ya ugonjwa wa kijusi, na 24 kwa sababu ya hatari kwa mwanamke. Mwaka 2023 idadi ilikuwa 10,033. Wasafiri kwenda Uingereza na Wales walipungua kutoka 2,879 mwaka 2018 hadi 375 mwaka 2019.

Tathmini rasmi iliyoongozwa na wakili Marie O'Shea na kutolewa mwaka 2023 ilionyesha kwamba huduma hazikuenea sawa. Hospitali kadhaa kati ya 19 za uzazi hazikuwa zimeanza kuzitoa, na katika baadhi ya kaunti za mashambani madaktari walioshiriki walikuwa wachache sana. Ilipendekeza siku tatu za kusubiri zisiwe za lazima na madaktari wasitishiwe adhabu ya jinai. Makundi yanayopinga utoaji mimba yanatetea siku hizo, yakisema baadhi ya wanawake hubadili nia katika muda huo. Kwa upande mwingine, mwanamke anayepata majibu mabaya ya vipimo vya kijusi baada ya wiki 12, wakati madaktari hawana uhakika kwamba kifo kitatokea ndani ya siku 28, bado anaweza kulazimika kwenda Uingereza.

Tangu tarehe 17 Oktoba 2024 sheria inakataza maandamano na jitihada za kumshawishi mtu kuhusu uamuzi wake ndani ya mita 100 kutoka mahali huduma inapotolewa.

## Ireland ya Kaskazini

Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, na ina sheria yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 haikufika huko, hivyo wanawake wake nao walisafiri. Bunge la London liliondoa adhabu za jinai kuanzia tarehe 22 Oktoba 2019, na kanuni za kuruhusu huduma zilianza mwaka 2020.

## Tazama pia

* Utoaji mimba
* Kanisa Katoliki
* Katiba
* Kura ya maoni
* Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu